Kumtibu Punda si Kazi ya Wazungu



Ndugu msomaji, yako maneno yanayozungushwa mabarazani ambayo haifai kuyanyamazia. Yanasema kwamba kijana wa Kiislamu anayekwenda kujitolea katika kituo cha wanyama, akaosha vidonda vya punda, akalisha paka wasio na wenyewe, au akamshika mbwa ili apigwe sindano, huyo amejidunisha, ameiga Wazungu, na amepoteza wakati ambao angeutumia katika ibada. Wengine huongeza kwamba amejinajisi. Na wako ambao hawasemi kitu, hucheka tu, na hao ndio wenye madhara zaidi, kwa sababu anayesema unaweza kumjibu.

Kicheko hicho kimekwisha kuvunja watu. Kuna kijana nimjuaye, amehifadhi Qur'ani, na kila Alkhamisi chuo kikifungwa alikuwa akienda kusaidia kutibu punda. Wazee wake wakampelekea posa. Upande wa pili haukuuliza sala yake, wala riziki yake, wala jinsi anavyokaa na majirani. Jibu lililorudi ni kwamba wao hawana binti wa kumpa mganga wa punda. Maneno hayo yakazunguka mtaa mzima kabla ya sala ya Isha. Alkhamisi iliyofuata kijana hakuonekana kituoni, wala ya pili yake. Hakukatazwa na fat-wa. Alikatazwa na aibu. Nami nimesomesha zaidi ya miaka thelathini, na mlango wa fikihi unaoifanya kazi ile kuwa aibu sijauona.

Basi natutazame hoja zao, moja baada ya moja, tuone kama zina miguu ya kusimamia.

Wanasema ni kuiga Wazungu. Tuchukue mfano wa Lamu, kwa sababu huko ndiko jambo hili linakoonekana wazi. Lamu ni mji wa vichochoro, gari halipiti humo, na tangu asili mzigo wa mji ule umebebwa na punda. Mawe ya matumbawe, boriti, chokaa, mchanga, nazi, na siku hizi saruji na mitungi ya gesi, vyote hupanda mgongoni mwake. Zile nyumba za ghorofa ambazo wageni huja kuzipiga picha, na misikiti tunayosalia, hakuna jiwe lililofika pale kwa miguu yake lenyewe. Lakini hospitali ya punda ilipofunguliwa Lamu mwaka 1987, haikufunguliwa kwa mali ya wakfu, wala na matajiri wenye majahazi, wala na sisi wenye vilemba. Ilifunguliwa na jumuiya ya Kiingereza iliyoasisiwa mwaka 1969 na Bibi Elisabeth Svendsen, mwanamke aliyekaa jimbo la Devon huko Uingereza. Punda wa Waislamu akatibiwa bure, akapewa dawa ya minyoo, akafungwa kidonda, na aliyechoka akapata mahali pa kupumzika.

Mimi simlaumu bibi yule, ambaye alifariki mwaka 2011. Aliona mnyama anaumia akafanya jambo. Lawama ni juu ya anayekaa barazani, punda wake mwenyewe ana kidonda kinachotoa funza, kisha akamcheka mtoto wa jirani aliyeinama kukiosha. Ikiwa hupendi kuona mgeni akimtibu punda wako, dawa yake ni kumtibu wewe. Wako wanaosema kwamba katika vituo hivi mna hila ya kuwavuta vijana watoke katika dini. Hofu hiyo siidharau, maana pwani yetu imeona mengi. Lakini nyumba usiyoingia wewe, ataingia mwingine, na kama hofu ni ya kweli basi jaza kituo kwa vijana wanaosali, kengele ya hofu itanyamaza yenyewe.

Ama hilo neno "kuiga", ni ujinga wa tarehe. Sheria ya kwanza ya bunge la Uingereza ya kukataza kuwatesa ng'ombe na farasi ilipitishwa mwaka 1822, na jumuiya yao kubwa ya kuwahurumia wanyama ikaundwa London mwaka 1824. Sasa fungua Qawaidul Ahkam ya Imam Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Kishafii, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, sawa na 1262. Humo ameandika haki za mnyama juu ya mwanadamu: amlishe kwa kadiri inayomfaa mfano wake, hata akizeeka au akiugua ugonjwa usiopona na faida yake ikakatika, asimtwishe asichokiweza, asimchanganye na mnyama atakayemuumiza. Hata akizeeka na faida ikakatika! Hii ndiyo sababu ya kuwepo kituo cha wanyama, na imeandikwa na fakihi wa Kishafii zaidi ya miaka mia tano na hamsini kabla ya sheria ya Uingereza. Sheikh Mustafa as-Sibai wa Sham, aliyefariki mwaka 1964, ameeleza katika kitabu chake juu ya uzuri wa ustaarabu wetu kwamba Damascus palikuwa na uwanja wa majani uliowekwa wakfu kwa farasi na wanyama wakongwe ambao wenyewe wamewatupa, wakila humo mpaka mauti yawafikie. Leo kijana akifanya kwa mikono yake walilolifanya wazee hao kwa mali zao, tunamwambia ameiga Wazungu. Kweli aliyepoteza hati ya shamba lake hulinunua mara ya pili.

Na kabla ya wanavyuoni ni Mtume mwenyewe (s.a.w.). Alipanda punda, na wapokezi wa hadithi wamelihifadhi hata jina lake, Ufair. Siku moja alimpakia Muadh bin Jabal (r.a.) nyuma yake juu ya punda huyo, akamfundisha haki ya Mwenyezi Mungu juu ya waja na haki ya waja kwa Mwenyezi Mungu. Somo hilo la Tauhidi, kubwa kuliko yote, limesomeshwa juu ya mgongo wa punda. Imam Muslim amepokea kwamba Mtume alimpitia punda aliyetiwa alama ya moto usoni, akamlaani aliyeitia. Na Abu Dawud amepokea kisa cha ngamia aliyekuwa katika bustani ya mtu wa Kiansari: alipomwona Mtume alilia, machozi yakamtoka, Mtume akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia, akamwita mwenyewe, akamwonya amche Mungu kwa mnyama huyu, kwani amemshitakia kwamba anamtia njaa na kumchosha kwa kazi. Natutazame vizuri alivyofanya. Hakumwita mwenye mali kwanza, ingawa kosa lilikuwa lake. Alianza kwa mgonjwa, kwa mkono wake mtukufu, kisha ndipo akahukumu.

Wanasema ni kupoteza wakati wa ibada. Hili linashangaza zaidi, maana linasemwa na watu ambao kila Ramadhani husikiliza darasa la Sahihi Bukhari. Hamkumsikia yule kahaba wa Bani Israil aliyemwona mbwa anazunguka kisima kwa kiu, akavua kiatu chake, akamchotea maji, akasamehewa? Wala hamkumsikia yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga, hakumlisha wala hakumwacha atafute mwenyewe? Sahaba walimwuliza Mtume kama wana ujira kwa wanyama pia, akawajibu kwamba katika kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, kuna ujira. Basi ujira upo, na aliyeutangaza ni yeye. Nani amewapa watu wa barazani ruhusa ya kuufuta?

Tena sisi tumezoea kuita sadaka ile tu inayotoka mfukoni. Kijana wa chuo hana mfuko. Ana mikono, na ana saa mbili baada ya Alasiri. Akizitoa saa hizo kwa kuchota maji, kuzoa samadi, kushika kichwa cha punda wakati daktari wa mifugo anasugua meno yake yaliyoota makali, au kukata kwato zilizopinda, ametoa alichonacho. Saa hizo hizo wenzake wako kwenye vibaraza vya mirungi, na hakuna baba aliyewarudishia posa wale.

Hapa nataka kukaa kidogo juu ya kazi yenyewe, kwa kuwa wengi wanaoicheka hawajaiona. Kidonda cha punda wa mizigo hakiji kwa bahati mbaya. Hutoka kwenye kamba ya nailoni inayosugua chini ya tumbo na chini ya mkia. Hutoka kwenye gunia lililotupwa mgongoni bila ya tandiko, uzito wote ukalalia uti wa mgongo. Kidonda kikitokea, mnyama hapumzishwi. Kesho hutwishwa tena, ngozi iliyoanza kushikana ikabanduka. Wengine humpaka oili chafu ya mashine wakidhani ni dawa. Na punda si kama mbuzi, halii akiumia. Husimama kimya, hata ukadhani ni mzima, mpaka siku anapoanguka. Ukimgusa penye maumivu atarusha teke, nasi hapo husema asante ya punda ni mateke. Tumemsingizia. Lile teke si asante, ni shitaka.

Iko na methali ya pili, mbaya kuliko hiyo: punda afe, mzigo ufike. Nimeisikia ikisemwa kwa fahari, kama kwamba ni hekima. Nataka msomaji aipeleke kwenye Minhaj ya Imam Nawawi, mlango wa ijara, aone itakavyopokelewa. Mtu akimkodi mnyama kubeba ratili mia kisha akambebesha mia na kumi, ni juu yake kulipa ujira wa ziada hiyo. Na mnyama akifa kwa sababu ya ziada, na mwenyewe hakuwa pamoja naye, mkodi atamlipa. Kwa ratili kumi! Fakihi amekaa akahesabu ratili kumi, nasi tunaimba punda afe. Na mlango wa nafaka katika kitabu hicho hicho, yaani matumizi yaliyo lazima juu ya mtu, haukuishia kwa mke, watoto na wazazi. Mwisho wake yumo mnyama: ni wajibu kumlisha na kumnywesha, na mwenyewe akikataa, kadhi atamlazimisha amlishe au amuuze, na akiwa ni mnyama wa kuliwa, kuna njia ya tatu ya kumchinja. Punda haliwi, nyama yake iliharamishwa siku ya Khaibar, kwa hiyo kwake hakuna njia ya tatu. Ni kumlisha au kumuuza kwa atakayemlisha. Kumwachia njiani ale majalala hakumo katika kitabu.

Waganga wa mifugo wanatuambia kwamba punda asibebeshwe zaidi ya thuluthi ya uzito wake. Punda wetu wa pwani ni wadogo, wengi hawazidi sana kilo 150. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Kila mwenye kujenga nyumba atazame mwenyewe kichochoroni kwake ahesabu ni mifuko mingapi inapita juu ya punda mmoja, na ahesabu pia kwamba aliyekodi ni yeye. Imepokewa kwamba Umar bin Abdulaziz (r.a.) alisikia kwamba ngamia wa Misri wanabebeshwa ratili elfu, akamwandikia gavana wake wasizidi mia sita. Na Imam Mawardi, aliyefariki mwaka 450 wa Hijra, alipoeleza kazi ya muhtasib, yaani msimamizi wa mema sokoni, ametaja humo kuwazuia wenye wanyama wasiwatumikishe kwa kisichovumilika. Ilikuwa kazi ya serikali ya Kiislamu, yenye mshahara. Muhtasib hatunaye tena. Kijana anayemwambia mchukuzi kwa adabu, "Ami, huyu leo hawezi, mpumzishe," ndiye aliyebaki kushika nafasi ile, tena bila ya mshahara, nasi tunamwita mganga wa punda.

Hoja ya najisi nayo imetumiwa vibaya mno. Kwanza ifahamike kwamba kugusa najisi si dhambi. Ni jambo linalotaka kuoshwa, basi. Mama anayemtawaza mtoto wake hugusa najisi mara tatu kwa siku, na hakuna aliyemwambia amejidunisha. Tunasema Pepo i chini ya nyayo zake. Mwenye bucha hugusa damu kutwa. Pili, katika madhehebu ya Imam Shafii kila mnyama aliye hai ni tohara isipokuwa mbwa na nguruwe na kilichozaliwa nao. Punda ni tohara, jasho lake ni tohara, na maji aliyobakisha ni tohara. Paka ndiyo zaidi. Abu Qatada (r.a.) alikuwa akitawadha, paka akaja, akamwinamishia chombo mpaka akanywa, na mkwewe Kabsha alipomkazia macho kwa mshangao, akamweleza aliyoyasikia kwa Mtume, kwamba paka si najisi, ni katika wanaotuzungukazunguka majumbani.

Amebaki mbwa, na hapa ndipo pana kelele zote. Ndiyo, mbwa kwetu ni najisi, na kilichoguswa naye kwa umaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hukumu hiyo siilegezi wala simruhusu mtu kumlaza mbwa chumbani kwake. Lakini sharia iliyotuamrisha kuosha haikutuamrisha kumpiga mawe wala kumtilia sumu. Imam Abu Ishaq ash-Shirazi, mwenye Muhadhab na Tanbih, alikuwa akipita njia na mwenziwe. Mbwa akawatokea, yule mwenziwe akamfukuza. Imam akamkataza, akamwambia kwamba njia hii ni shirika baina yetu na yeye. Huyo ni nguzo katika madhehebu yetu, alijua hukumu ya mbwa kuliko mimi na wewe.

Tena kumshika mbwa achanjwe ni kumlinda mwanadamu. Kichaa cha mbwa kikishajitokeza kwa aliyeumwa, ni nadra mno mtu kupona, na wanaoumwa wengi ni watoto. Tazama Pemba, kisiwa ambacho takriban watu wake wote ni Waislamu. Tangu mwaka 2010 zilifanywa kampeni za kuchanja mbwa, ugonjwa ukakatika. Mwaka 2016 ukarudi, wakachanja tena, ukakatika tena. Shirika la Afya Duniani linasema wachanjwe mbwa saba katika kila kumi ili maradhi yasipate njia. Mbwa saba katika kumi hawachanjwi kwa kukaa mbali nao. Lazima apatikane mtu wa kuwaleta na mtu wa kuwashika. Mtu huyo akirudi nyumbani ataosha mkono wake mara saba, na mtoto wako atakwenda chuoni salama. Baina ya hao wawili, wewe na yeye, nani aliyefanya faradhi ya kutosheleza kwa niaba ya mwenziwe?

Sasa nifike kwenye hoja ambayo kidogo ina uzito, kwa sababu husemwa na watu wema. Wanasema: mayatima wapo, wajane wapo, hospitali zetu hazina dawa, vipi mtu akajitolea kwa punda kabla ya watu?

Nawajibu hivi. Punda ni wa nani? Si wa tajiri. Tajiri ana gari bara na mashua ya injini baharini. Punda ni wa mchukuzi, mtu anayeondoka alfajiri na kurudi na unga wa siku ile. Punda wake akilala wiki tatu kwa kidonda, nyumba ile imelala njaa wiki tatu, au mtu atakwenda kukopa, na tunajua mikopo inavyoingiza watu katika riba. Mwenye kumtibu punda huyo amewalisha watoto waliokuwa watalala na uji mtupu, na hakuwaaibisha kwa kuwapelekea sadaka mbele ya majirani. Naona hiyo ni katika sadaka zilizositirika vizuri kabisa. Zaidi ya hayo, haki hazilani. Aliyepewa haki yake yatima hakumnyang'anya punda, wala kinyume chake. Na nimechunguza, nikaona wanaotaja mayatima kila punda anapotajwa, siku ya kuchangia mayatima hutaja wajane, na siku ya wajane hutaja ukarabati wa msikiti. Msikiti nao bado unavuja.

Siwatetei wote wanaojitolea. Wako wanaokwenda kupigwa picha, paka mkononi, kisha siku ya kuosha mabanda wana udhuru. Wako waliomwacha mama yao mgonjwa nyumbani wakenda kuuguza paka wa mtaa. Hao wamebatilisha wajibu kwa jambo lililo chini yake. Na kituo chenye kuchanganya wasichana na wavulana bila ya stara wala msimamizi, wazee wana haki ya kukikataza mpaka kipange siku zake. Yote hayo ni makosa ya watu, na hutengenezwa kwa kuwakosoa watu. Hatufungi chuo kwa kuwa mwanafunzi mmoja mtoro.

Mama zangu na dada zangu msidhani kazi hii haiwafikii. Tandiko zuri la punda lina mito miwili, mmoja huku na mmoja huku, katikati pakiachwa nafasi ili uti wa mgongo usiguswe na uzito. Kushona mito hiyo kwa khanga kuukuu na kuijaza sufi au vitambaa ni kazi ya jioni moja. Mwenye cherehani akishona matandiko manne kwa mwezi ameokoa migongo minne. Na taka za jikoni zitengwe. Punda huachiwa usiku wakazunguka majalalani, hula maganda pamoja na plastiki iliyofungiwa maganda hayo. Plastiki ikijikusanya tumboni hufunga njia, mnyama akafa kwa msokoto wa tumbo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, lakini plastiki za aina nyingine bado ni tele, na mkono unaozitupa ni wetu.

Ama walimu wenzangu, naomba jambo moja. Alkhamisi vyuo vinafungwa. Kila chuo kitoe vijana wanne au watano waliobaleghe, pamoja na mwalimu mmoja, wende kituoni kilicho karibu yao, na pasipokuwa na kituo wende kwa afisa wa mifugo wamwulize wapi panatakiwa mikono. Wakitoka huko darasa la Jumamosi liwe mlango wa nafaka ya wanyama, wausome wakiwa wamekwisha kuuona. Na yule baba aliyerudisha posa, kama gazeti hili litamfikia, binti yake yungalipo na kijana yungalipo.

Wameniuliza wazazi juu ya nguo na sala. Manyoya ya punda na jasho lake hayaharibu nguo. Mkojo na samadi yake ni najisi, vivyo hivyo usaha na damu ya kidonda. Palipoingia paoshwe mpaka iondoke rangi, harufu na ladha, na rangi au harufu ikishindikana kutoka baada ya kusuguliwa, imesamehewa. Teke la punda halivunji udhu, wala kumshika hakuuvunji. Kijana awe na shuka kuukuu ya kazi, aivulie huko huko na kuitundika kwenye msumari, ajioshe mikono na miguu, avae kanzu yake, na atoke mapema ili Magharibi isimpite njiani.